Ndege wa Kilombero wahesabiwe na masika pia

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Septemba taarifa za ndege wa Bonde la Kilombero huanza kumiminika, na nyingi husema ndege "wameongezeka". Tunaomba gazeti lako lisichapishe idadi yoyote isiyo na tarehe, mahali na hali ya maji.

Bonde hili, lililoingia mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, halifanani masika na kiangazi. Machi hadi Mei mto hufurika, maji huenea mbugani na ndege hutawanyika kusikofikika. Kuanzia Julai maji hurudi mtoni, yakabaki mabwawa machache yenye samaki na konokono walionaswa humo. Hapo ndipo yangeyange, furukombe na korongo domowazi hujikusanya. Korongo 200 kwenye bwawa moja mwezi wa Septemba wanaweza kuwa walewale waliotapakaa mbuga nzima mwezi wa Aprili. Tangu daraja la Kilombero lifunguliwe mwaka 2018 kuvuka mto ni rahisi, lakini bado wengi huja barabara zikikauka, kwa hiyo daftari zetu zimejaa kiangazi tupu.

Wageni wengi humtafuta kwera wa Kilombero, ndege mdogo mfuma viota, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990 na asiyepatikana kwingine duniani. Huyu ndiye anayekosewa zaidi. Dume ni njano mwenye uso mweusi, ila hata kwera barakoa-ndogo yuko hivyo, na tofauti ya kuangalia ni jicho: la barakoa-ndogo aliyekomaa ni jeupe-njano, la kwera wetu ni jeusi. Jua likiwa mbele yako huwezi kuliona jicho hilo, basi asubuhi simama mashariki ya ndege, jua likiwa mgongoni. Makinda ya barakoa-ndogo nayo yana macho meusi, hivyo usiamue kwa jicho peke yake. Tafuta dume kwenye kiota ndani ya matete, karibu na maji. Mpunga unapoiva, kundi la rangi ya udongo linalopita juu ya mashamba aghalabu ni kwelea, ndege wadogo walao nafaka, na kwera wa aina nyingine wasio na rangi ya msimu wa kutaga huchanganyika nao. Hapo andika "kwera, aina haijulikani". Hakuna aibu. Na matete yakikosa viota, angalia kwanza kama yamechomwa moto, kwani matete machanga hayabebi kiota.

Mbayuwayu wa Ulaya na kitwitwi wahamiaji, ndege wadogo wa kando ya maji, ni wa Oktoba hadi Aprili, ingawa kitwitwi wa kwanza hufika mapema kuanzia Agosti. Anayesema amewaona makumi mwezi wa Juni ahojiwe.

Jambo la kukemea ni mitumbwi inayotia nanga kwenye mafungu ya mchanga. Yule ndege mwenye taya la chini refu kuliko la juu, anayechota samaki akiruka (kwa Kiingereza African skimmer), hutaga kwenye mchanga mtupu maji yakishuka. Ukimwinua saa sita mchana, mayai hubaki kwenye mchanga unaowaka na hufa kwa joto haraka. Mwangalie kwa darubini ukiwa umbali wa mita 100 au zaidi, na usishuke.

Kuhesabu kwenyewe si kazi ngumu. Chagua vituo vitano vilivyoachana mita 500, kaa dakika 15 kila kimoja, kati ya saa 12:30 na saa 3:00 asubuhi. Kundi kubwa lihesabu kwa makumi. Kama kituo hakina ndege, andika sifuri, kwa kuwa nafasi tupu haionyeshi kama ulifika. Rudia vituo vilevile Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Januari ndiyo mwezi wa sensa ya ndege maji barani Afrika. Aprili ukishindwa kufika kwa miguu, mafundo ya kamba uliyoifunga kwenye nguzo ya gati yatakuonyesha maji yamepanda kiasi gani. Hiyo nayo iandikwe kwenye daftari.

Watazamaji wa ndege,
Ifakara