Malalamiko kuhusu msingi wa kitalu nyumba uliong'oka Naliendele

Naliendele, Mtwara
12 Juni 2025

Ndugu Meneja,

YAH: MSINGI WA KITALU NYUMBA CHANGU

Tarehe 24 Machi mafundi wenu walinijengea msingi wa kitalu nyumba (banda la mabomba na plastiki la kulimia mboga) cha mita 8 kwa 15, nilichokinunua kwa mkulima wa Masasi aliyekitumia misimu mitatu. Nimelipa shilingi 1,150,000 zote, risiti ninayo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Juni upepo ulikinyanyua upande mmoja. Asubuhi nilikuta nguzo nne zimeng'oka na zege lake.

Haikuwa tufani. Aprili 2019 tufani Kenneth ilipokuwa inakuja tuliambiwa tuhamie maeneo salama. Lingetokea wakati ule nisingewaandikia. Huu ni upepo wa kusi, unavuma kila mwaka na mnaujua.

Nilipima bonge moja la zege: sentimita 25 kwa 25, kina 30. Makubaliano yetu yanasema 40 kwa 40, kina 60. Zege la kipimo hicho lina uzito wa kama kilo 230. Lenu halifiki 50. Mimi na mwanangu tulilibeba hadi chini ya mkorosho. Tulipolitua likamegeka, na ndani mna vipande vya kombe za pwani. Mmetumia mchanga wa baharini! Hata upepo usingekuja, chumvi ile ingeyala mabomba polepole.

Fundi wenu aliniambia kwa simu kwamba kitalu ni chepesi, hakihitaji msingi mkubwa. Hapo ndipo kosa lilipo. Nyumba ya tofali inatulia kwa uzito wake yenyewe. Kitalu hakina uzito, na plastiki yake inashika upepo kama tanga, kwa hiyo msingi ndio unaokizuia kisiruke. Tena udongo wetu ni kichanga, haukamati nguzo kama mfinyanzi.

Jambo jingine niliwaomba kwa mdomo wangu: fremu imeshatumika, iungeni kwanza, ipimeni, ndipo mchimbe. Mabomba ya mtumba huwa yamepinda na matundu ya boliti yamepanuka. Mkachimba kwa vipimo vya karatasi, kisha mkalazimisha miguu iingie mashimoni. Kona kwa kona ilitakiwa mita 17 kamili. Nimepata 17.11 huku na 16.89 kule. Ndiyo maana mlango haukuwahi kufunga, na upepo uliingilia hapohapo.

Nimepoteza miche 280 ya nyanya, vichala vya kwanza vikiwa vimeanza kuwa vyekundu. Fedha ya mbegu na mbolea nilikopa kwenye kikundi chetu, na marejesho hayasubiri.

Naomba ndani ya siku 14 mng'oe nguzo zote 14 na kuzisimika upya kwa vipimo vya makubaliano, kwa mchanga wa mtoni, saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, na zege limwagiliwe siku saba kabla ya kufunga plastiki. Shimo lisimwagwe zege kabla sijalipima mwenyewe kwa futi kamba. Naomba pia fidia ya miche. Mkikaa kimya nitapeleka shauri Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha picha, risiti na nakala ya makubaliano. Bonge lenyewe sijalitupa, bado lipo chini ya mkorosho.

Mteja wenu,
Mkulima, Naliendele