Geita: kushuka chini ya duara si kurudi nyuma ya wakati

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu makala ya wiki iliyopita kuhusu dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Mwandishi amegusa bei, leseni na maisha ya wachimbaji wadogo, na huko sina ugomvi naye. Ugomvi wangu uko kwenye aya mbili za mwisho. Amesema dhahabu ya Geita ililetwa na volkano za Bonde la Ufa, na kwamba mchimbaji anavyozidi kushuka kwenye duara, yaani shimo lake la kuchimbia, ndivyo anavyoingia kwenye mwamba mkongwe zaidi na wenye dhahabu zaidi. Yote mawili si kweli, na hilo la pili linakula fedha za watu.

La kwanza ni jepesi. Kilimanjaro ilianza kulipuka takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Lava za Geita, Kahama na Mara ziliganda kati ya miaka milioni 2,800 na 2,600 iliyopita, yaani zimeizidi umri kwa mara elfu moja hivi. Bonde la Ufa halikuwapo, Ziwa Victoria halikuwapo, na viumbe hai vilikuwa vijidudu tu. Basi tuache kulisingizia Bonde la Ufa.

Wanajiolojia wameigawa miamba hii katika makundi mawili makuu: Nyanziani chini, Kavirondiani juu yake. Majina hayo yametoka upande wa Kenya, kwani miamba haijui mpaka. Ya aina hiyohiyo iko Migori, na iko Kakamega ambako watu walikimbilia dhahabu miaka ya 1930.

Nyanziani huanza na basalti, lava nyeusi yenye kijanikijani iliyomwagikia chini ya maji. Lava ya namna hiyo hugandia madongemadonge. Mgongo wa donge huwa wa mviringo na hutazama juu, wakati tumbo lake huchongoka na kuzama katikati ya madonge mawili yaliyotangulia. Mtu aliyezoea akiyaona ukutani mwa korongo anakuambia palepale upande upi ulikuwa juu siku lava ilipoganda. Juu ya basalti hufuata lava zenye silika nyingi (madini yaleyale ya mchanga mweupe), majivu ya volkano, matope yaliyogeuka jiwe, na yale mawe ya chuma yenye mistari ambayo wenyeji wa vilima vya Geita wanayajua: mstari mweusi au mwekundu wa chuma, mstari mweupe wa silika, mingine myembamba kuliko ukucha. Mawe hayo hayakulipuka popote. Yalitua taratibu kwenye sakafu ya bahari pale volkano zilipopoa.

Baadaye Nyanziani ikakunjwa, ikainuliwa, ikamomonyoka. Mabaki yake ndiyo Kavirondiani: mchanga, changarawe na konglomerati, yaani mwamba wa kokoto zilizoshikamana. Shika kipande cha konglomerati mkononi ukikague. Ndani yake utaona kokoto za lava, kokoto za mawe ya mistari, pengine na za granaiti. Kokoto lazima iwe ilitangulia mwamba uliyoibeba, kwa hiyo hapo huhitaji maabara kujua nani mkubwa. Maabara nazo zimefanya kazi yake kwa kupima chembe za zirkoni, madini magumu yanayotunza umri wa mwamba, na zimeharibu unadhifu wa vitabu vya zamani: volkano za mkanda wa miamba wa Musoma na Mara zimeonekana changa kuliko za Usukumani, ingawa zote ziliitwa Nyanziani.

Sasa hilo la kushuka. Kanuni ya kwamba tabaka la chini ndilo kongwe ni ya kweli pale ambapo tabaka zimelala zilivyowekwa. Huku kwetu zilibanwa zikakunjwa, na sehemu nyingi zimesimama kama vitabu kwenye rafu. Ukichimba duara wima ndani ya tabaka lililosimama utabaki kwenye tabaka hilohilo, uwe na mita kumi au hamsini. Anayetaka kupita enzi moja hadi nyingine inambidi atembee juu ya ardhi akikata mkanda, siyo ashuke. Na pana sehemu zilizopinduka kabisa, mkubwa yuko juu ya mdogo.

Granaiti ndiyo inayoumiza zaidi. Nimesimama kando ya duara ambalo kifusi chake chote kilikuwa granaiti safi ya kijivu, na vijana wakaniambia wanaipasua wafikie mwamba wa mistari ulioko chini yake. Nani kawaambia uko chini? Granaiti nyingi za ukanda huu zilipanda kutoka chini zikiwa zimeyeyuka, zikaitoboa Nyanziani. Chini ya granaiti kwa kawaida kuna granaiti.

Dhahabu yenyewe ilikuja baadaye, tabaka zikiwa zimeshawekwa. Maji ya moto yenye salfa yalipita kwenye nyufa, na yalipokutana na chuma cha mawe ya mistari, salfa ikashikana na chuma kuwa pairaiti, dhahabu ikaachwa hapo. Dhahabu ya mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, ilikaa kwenye tabaka jembamba la matope yaliyogeuka jiwe, basalti upande mmoja na lava za silika upande wa pili. Kweli, mgodi huo umeshuka zaidi ya kilometa moja, lakini umeshuka kwa kulifuata tabaka hilo. Mchimbaji mdogo anahitaji kujua mipaka ya tabaka inapita wapi kwenye eneo lake, kabla hajakodi mashine ya kutoa maji.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) inazo ramani za kijiolojia za maeneo haya. Zingechapwa na ufunguo wa Kiswahili na kubandikwa kwenye masoko ya madini, pale watu wanapongojea kupimiwa, zingesomwa. Gazeti lako nalo linaweza kuchora mkato mmoja wa ardhi ya Geita, tabaka zikiwa zimesimama, ulitoe kwenye ukurasa uleule wa makala ile. Hilo ndilo sahihisho ninaloomba.

Wako,
Fundi sampuli mstaafu,
Geita