Darubini ya bunduki na namba zinazodanganya

Ndugu Mhariri,

Wawindaji wenye leseni hapa Tanzania, hasa wanaonunua darubini ya bunduki kwa mara ya kwanza, huvutiwa na namba kubwa za ukuzaji, ilhali katika misitu ya miombo, ambako miti huzuia kuona mbali, ukuzaji wa mara 4 unatosha kabisa. Fedha inayookolewa iende kwenye vishikizo imara vinavyoifunga darubini kwenye bunduki, kwani darubini iliyolegea, hata ikiwa ya bei gani, hupoteza shabaha. Mwenye bunduki ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi), yenye kishindo kikubwa, ahakikishe jicho linaona vizuri likiwa takribani sentimita 9 nyuma ya lenzi, maana bunduki hiyo inaporudi nyuma, ukingo wa darubini unaweza kupasua nyusi. Jambo hili wauzaji hawalitaji sana.

Msomaji wenu,
Morogoro