Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: tunaomba chumba, fedha hatuombi

Ndugu Mganga Mkuu,

Huku kwetu Kibosho ukiaga kwamba unaenda kikaoni, watu wanajua unafuata kreti. Kikao cha harusi kina bia, cha ukoo kina mbege. Ndiyo maana nilipoanza kumuaga mke wangu kila Jumamosi kwamba naenda kikaoni, majirani walimwonea huruma bure. Kikao changu ni cha walevi tunaosaidiana kuacha pombe, na kina chai ya rangi.

Nilikunywa miaka 19. Nilianza na mbege ya nyumbani, nikaingia kwenye viroba, na vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikahamia gongo. Mengine sitayasimulia, wewe ni daktari. Ninachotaka usikie ni nilivyohangaika kuwatafuta wenzangu.

Mara ya kwanza niliacha ghafla, peke yangu, kwa kiapo. Siku ya pili mikono ikatetemeka, jioni nikaanguka kifafa ambacho sijawahi kuwa nacho. Hospitali moja walinipokea na kunitibu vizuri, sina lawama. Siku ya kuruhusiwa nikamuuliza muuguzi, "Sasa kutoka hapa naenda wapi?" Akaniangalia kwa upole akasema, "Usinywe tena, baba."

Hilo la kutokunywa nilikuwa nimeshaambiwa na kila mtu: mchungaji, mjumbe, mama mkwe. Pa kwenda hakuna aliyenitajia. Nguzo za umeme zina matangazo ya waganga wanaorudisha wapenzi, wanaosafisha nyota, na wenye dawa ya kuacha pombe anayotiliwa mtu kwenye uji bila kujua. Mama yangu alinitilia. Nilitapika siku mbili, ya tatu nikaenda kuzimua.

Kikundi nilikipata kwa bahati. Kwenye nyama choma moja nilikaa meza moja na dereva wa lori aliyeletewa bia ya ofa akairudisha, akaagiza soda bila aibu yoyote. Nikamcheka. Yeye akanieleza siku, saa na mtaa. Ilikuwa mkoa wa jirani, basi mbili kwenda na mbili kurudi.

Niliingia nikiwa nimekunywa kidogo ili nipate ujasiri. Hawakunifukuza. Hakuna daftari la mahudhurio, hakuna kadi, unataja jina lako la kwanza tu. Mtu anazungumza, wengine wanasikiliza hadi amalize, na hakuna anayesimama kumpa ushauri (kwa sisi wazee wa vikao, hilo pekee ni muujiza). Siku ile mama mmoja alieleza alivyokuwa akificha chupa kwenye pumba za kuku. Mimi nilikuwa nikificha shambani, kwenye maganda ya mgomba. Nikacheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipocheka nikiwa sijalewa vizuri.

Utaratibu huo si wetu. Ulianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa watu wawili, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi, waliogundua kwamba mlevi anamsikia mlevi mwenzake kuliko anavyomsikia mwingine yeyote. Ukaitwa Alcoholics Anonymous. Sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha kunywa. Na kwa kuwa najua ofisi yako inapenda ushahidi, mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, walichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Katika kumsaidia mtu akae bila pombe kabisa, njia hii, pamoja na tiba zinazomwelekeza mtu huko, ilifanya vizuri sawa na tiba nyingine zilizozoeleka, mara nyingi ikazishinda.

Sasa ombi. Zahanati zetu nyingi Jumamosi jioni zina chumba kitupu. Tuachieni kimoja, saa kumi hadi kumi na mbili. Kodi tutalipa wenyewe kwa mchango wa kikapu, maana kanuni yetu ni kujitegemea, hatupokei ruzuku hata ikiletwa. Hatutakuwa chini ya idara yoyote, wala hatutashindana na wauguzi wako. Kinyume chake, tunataka kuwa karibu nao, kwa sababu mnywaji wa siku nyingi akiacha ghafla anaweza kufa, na sisi hatuna dawa ya kumpa. Aanzie kwao, kisha waseme, "Jumamosi, mlango ule."

La pili ni karatasi moja kwenye ubao wa matangazo, pale penye ratiba ya chanjo, yenye siku na saa. Isiandikwe kwa herufi nyekundu wala kuchorwa fuvu. Iwe mahali ambapo mama aliyeleta mtoto kupimwa uzito ataisoma bila mtu kujua anasoma nini, kwa kuwa wanawake ndio wanaojificha zaidi. Mwanamume akilewa wanasema kalewa. Mwanamke wanamuuliza watoto kamwachia nani.

Na nikuombe radhi mapema: ukitukubalia, usije kuzindua. Tukikatiwa utepe mbele ya kamera, wiki inayofuata tutabaki mimi na viti.

Jina langu nimeliacha hapa kwa makusudi. Nakala yenye jina, saini na namba ya simu nimeiacha masjala, ofisini kwako, kwenye bahasha iliyofungwa.

Mraibu wa pombe, mwaka wa nne bila kunywa,
Kibosho