Barua kwa Rehema: msimulie Barbara Jordan

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, hofu ni kwenu. Uliniomba mwanasiasa mmoja wa kuwasimulia wasichana wa klabu yako ya mdahalo. Wangu ni Barbara Jordan wa Texas, Marekani.

Alizaliwa Houston mwaka 1936, baba yake mhubiri wa Kibaptisti na mfanyakazi wa ghala. Mdahalo ulimkuza chuoni Texas Southern, ambako timu yao iliwahi kutoka sare na Harvard. Akasomea sheria Boston, akamaliza 1959, akarudi nyumbani.

Hapa ndipo nataka wasichana wakae mkao wa kusikiliza. Mwaka 1962 aligombea bunge la Texas, akashindwa. Mwaka 1964 akashindwa tena. Sauti alikuwa nayo, juhudi pia. Lakini kura zilipigwa kaunti nzima, na za mitaa ya watu weusi zikamezwa na za Wazungu. Kisha Mahakama ya Juu ikataka maeneo ya uchaguzi yalingane kwa idadi ya watu, mipaka ikachorwa upya, na mwaka 1966 akaingia Seneti ya Texas, mtu mweusi wa kwanza humo tangu 1883. Mgombea ni yuleyule, Rehema! Hilo hunigusa kuliko sifa zote anazopewa.

Juni 1972 alikaimu ugavana kwa siku moja. Baba yake alihudhuria, akaugua siku hiyohiyo, kesho yake akafariki. Miezi michache baadaye wananchi wakampeleka Bungeni Washington.

Huko, tarehe 25 Julai 1974, kamati yake ikijadili kumshtaki Rais Nixon, alianza na maneno yanayofungua Katiba yao: "Sisi wananchi". Akasema Katiba ilipokamilika mwaka 1787 yeye hakuwemo katika "sisi" hiyo, na kwa miaka mingi alidhani George Washington na Alexander Hamilton walimsahau kwa bahati mbaya tu. Marekebisho, tafsiri na hukumu za mahakama ndizo zilizomwingiza. Sasa imani yake kwa Katiba hiyo ni kamili, wala hatakaa kutazama tu ikivunjwa. Alisema polepole, kila neno likitua mahali pake.

Mwaka uliofuata, sheria ya haki ya kupiga kura, iliyowalinda wapiga kura weusi dhidi ya ubaguzi, ilipoongezewa muda, alipigania ilinde pia raia wasiozungumza Kiingereza, na Texas yake iwekwe chini ya uangalizi wa sheria hiyo. Nadhani alizikumbuka kura zilizomezwa.

Aliondoka Bungeni mwaka 1979 akafundisha chuo kikuu Austin, maradhi ya neva yakimdhoofisha, hadi alipofariki Januari 1996 akiwa na miaka 59.

Hotuba ile waisome wamesimama, kwa sauti, kwa zamu. Halafu uwaulize mipaka ya kata yao inachorwa na nani. Niandikie walivyojibu, na umsalimie mama.

Wako,
Neema