Kikomo cha mafuta hatari kianzie kiwandani, lebo ifuate

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa mafuta yasiyofaa kwa afya unapoibuka, mwananchi huishia kushauriwa asome lebo kabla ya kununua. Ushauri huo si mbaya, lakini unawaacha nje Watanzania wengi ambao mafuta yao hayana lebo ya kusomwa. Mama anayetuma mtoto dukani na chupa tupu ya maji, akajaziwa mafuta ya shilingi mia tano kutoka kwenye dumu la lita 20, atasoma nini? Na anayenunua andazi asubuhi atajuaje lilikandwa kwa mafuta gani?

Ninayoyazungumzia hasa ni mafuta ya transi yatokanayo na viwanda. Hupatikana pale mafuta ya mimea yanapopitishiwa hidrojeni kwa kiasi ili yagande na yasiharibike upesi, na ndiyo maana yamependwa katika siagi za mimea, biskuti na keki. Yakiingia mwilini huongeza lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu na kupunguza ile nzuri, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba yanachangia vifo zaidi ya 500,000 kila mwaka vinavyotokana na maradhi ya moyo. Hayana faida yoyote ya lishe ambayo mlaji ataikosa yakiondolewa.

Wanaotegemea lebo peke yake wautazame mfano wa Marekani. Kuanzia mwaka 2006 watengenezaji walilazimika kuandika kiasi cha mafuta hayo kwenye pakiti, lakini chakula chenye chini ya nusu gramu kwa mlo mmoja (yaani kiasi kinachokadiriwa kuliwa kwa mara moja) kiliruhusiwa kuandikwa sifuri. Kwa hiyo mtu aliyekula milo mitatu au minne ya "sifuri" kwa siku aliweza kumeza zaidi ya gramu moja bila kudanganywa kisheria. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo iliamua kwamba mafuta yaliyotiwa hidrojeni kwa kiasi hayahesabiki tena kuwa salama, na viwanda vikapewa muda wa kuyaondoa. Denmark haikupita njia hiyo ndefu. Mwaka 2003 iliweka kikomo cha gramu 2 za mafuta ya transi katika kila gramu 100 za mafuta, na mzigo ukamwangukia mtengenezaji badala ya mnunuzi. Barani kwetu, Afrika Kusini ilitunga kanuni za namna hiyo mwaka 2011.

Ninaliomba Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, lihakikishe kikomo hicho cha gramu 2 kinatumika kwa mafuta na vyakula vyote, vya ndani na vya kutoka nje, viwe vya pakiti au vya kupima, na vipimo vichukuliwe bandarini, mipakani na kiwandani kabla dumu halijafika kwa mwenye duka. Ukaguzi usianzie kwa muuza chipsi na karai lake, maana yeye naye ni mnunuzi tu (kurudia mafuta mara nyingi ni kosa jingine, lenye dawa yake).

Lebo nayo ibaki, ila iwe ya kweli na ya Kiswahili. Maneno "mafuta ya mimea" pekee hayatoshi, kwa kuwa alizeti ya Singida na mafuta yaliyogandishwa kwa hidrojeni yote ni ya mimea. Iandikwe ni mmea gani, kama yametiwa hidrojeni, na kiasi cha mafuta ya transi kwa kila gramu 100, si kwa "mlo mmoja" ambao kila kiwanda kinaweza kuukadiria kitakavyo. Matokeo ya vipimo nayo yatangazwe kwa jina la bidhaa, ili hata mwenye duka la mtaani ajue ni dumu lipi la kulikataa.

Msomaji wenu,
Morogoro