Malalamiko Kuhusu Pesa Zangu za Mauzo ya Kikoa

Kwa Meneja Mkuu,

KUH: KUZUIWA KWA MALIPO YANGU NA KUDHALILISHWA KWENYE KAUNTA YENU

Nakuandikia kwa heshima, ingawa ofisini mwenu heshima sikuiona.

Masharti yenu ya eskro mnayajua: mnashika pesa za mnunuzi wa kikoa changu, yaani jina langu la tovuti, hadi kihamie kwake na muda wake wa kukikagua upite, kisha mnanilipa. Mnunuzi aliweka pesa kwenu, nanyi mkaniandikia kwamba zimeingia, nihamishe kikoa. Nikakiondolea kifungo cha uhamisho kwa msajili wangu, yaani kampuni nilikokisajili, nikatoa msimbo wa uhamisho, kikahama. Muda wa ukaguzi ukapita bila mnunuzi kulalamika. Pesa zangu ziko wapi?

Kila nikiuliza najibiwa, "uhakiki unaendelea." Uhakiki gani huo, ilhali kitambulisho changu mnacho tangu nilipofungua akaunti? Mkakiomba tena. Mkaomba picha yangu nikiwa nimekishika. Mkaomba taarifa ya benki. Vyote nilituma. Lakini ada yenu haikungoja uhakiki wowote. Mliikata mara tu pesa za mnunuzi zilipoingia.

Ndiyo maana nilikuja mwenyewe hapo Westlands. Afisa wenu alichukua kitambulisho changu, akakiinua juu na kumwita mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa chumba: "Huyu ndiye yule wa kikoa." Kisha akaniuliza, watu wote wakisikia, kama nina hakika jina lile sikuliiba. Aliponirudishia kitambulisho alikisukuma kwenye kaunta hadi kikaanguka sakafuni.

Jina hilo nimelilipia kila mwaka kwa pesa zangu, na risiti mnazo. Zilikuwa kati ya zile karatasi za kwanza kabisa mlizodai kabla hata ya mnunuzi kuweka senti. Mkaridhika nazo wakati huo. Na msisahau kwamba kikoa cha .com kikishahamia kwa msajili mwingine, kwa kawaida hufungwa siku 60. Hata kama mnunuzi angekubali kunirudishia leo, huenda nisiweze kukihamisha tena kwa msajili wangu. Nimebaki mikono mitupu: kikoa sina, pesa sina. Muuzaji huja kwenu ili jambo kama hili lisimpate.

Narudi kwenye kaunta, maana sitaki mseme nilielewa vibaya. Alisema "kuliiba". Alilisema mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi, akitazama benchi walikokuwa wameketi wateja wengine. Kitambulisho kilipoanguka hakuinama wala hakusema samahani. Aliyekiokota ni mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alikipangusa kwa mkono wa koti lake, akanipa. Afisa wenu akaita, "Anayefuata!" Nilitoka nje miguu ikitetemeka. Umri wangu huu, hakuna aliyewahi kuniita mwizi.

Ninachoomba ni kulipwa pesa zangu zote, na nirudishiwe ada yenu, kwa sababu huduma mliyoilipisha hamkuitoa. Naomba pia barua ya kuniomba radhi, iliyotiwa sahihi na afisa huyo pamoja nawe Meneja, si ujumbe wa simu. Mnieleze vilevile kwa maandishi ni nani aliyeona nakala za kitambulisho changu na taarifa yangu ya benki, na mnazihifadhi kwa sababu gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanipa haki ya kuuliza, na mkinyamaza nitampelekea Kamishna wa Data swali hilo hilo.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14. Nikikumbuka kile kitambulisho sakafuni, nawapa 7 kuanzia siku mtakayoipokea barua hii. Zikipita, naenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Dai langu halifiki shilingi 1,000,000, kwa hivyo linasikizwa pale, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Sihitaji wakili. Nitadai pesa, ada, gharama za kesi na fidia ninayostahili chini ya Kifungu cha 46 cha Katiba, kinacholinda haki za wateja. Nitaomba pia picha za kamera iliyo juu ya kaunta yenu zitolewe mahakamani, kwa hivyo nawataka mzihifadhi kuanzia leo. Zikipotea, nitamweleza hakimu kwamba niliwaonya.

Nakala za barua pepe zenu zote nimeziambatisha.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Umoja, Nairobi